Kukokotoa ukinzani na wati kutokana na volti na ampea

Geuza jagi la umeme la kuchemshia maji usome lebo iliyo chini yake. Mengi yameandikwa 220–240 V, 50/60 Hz, 1850–2200 W. Mnunuzi huona 2200 na kuondoka dukani akijua amenunua jagi la wati 2200. Lebo haisemi hivyo. Inasema kwamba likipata volti 220 litatumia wati 1850, na likipata volti 240 litatumia wati 2200. Wati hupanda na kushuka kufuata volti. Kisichobadilika sana ni ukinzani wa koili iliyomo ndani, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, unaopimwa kwa omu (Ω), nao hupatikana kwa kuzidisha volti kwa volti kisha kugawanya kwa wati:

220 × 220 ÷ 1850 = 26.16 Ω
240 × 240 ÷ 2200 = 26.18 Ω

Jibu ni lile lile, omu 26.2. Ukishaijua namba hii, unaweza kusema jagi litafanya nini kwenye volti yoyote, hata zile za saa mbili usiku mtaa mzima unapopika.

Kanuni ni mbili tu

Ya kwanza ni ile aliyoichapisha Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827: volti ni sawa na ampea mara omu, V = I × R. Ya pili ni ya nguvu: wati ni sawa na volti mara ampea, P = V × I. Nyingine zote huzaliwa kwa kuingiza moja ndani ya nyenzake:

R = V ÷ I
P = I × I × R
P = V × V ÷ R

Wanafunzi hufundishwa kuzikariri kwa kuchora pembetatu. Inasaidia kwenye mtihani, lakini kazini swali gumu si kanuni ipi, bali ni volti ipi. V iliyo kwenye kanuni ni volti iliyopo kati ya ncha mbili za kitu unachokihesabia, wala si lazima iwe volti ya TANESCO au ya Kenya Power. Chukua waya wenye ukinzani wa omu 0.5 unaopeleka umeme kwenye jagi. Mtu akiingiza 230 kwenye V × V ÷ R atapata wati 105,800, yaani waya wa nyumbani unakula umeme wa kiwanda. Kosa lake ni kwamba volti 230 ziko kati ya waya wa moto na nyutro. Kutoka mwanzo wa waya huo hadi mwisho wake kuna volti chache tu. Kwa hiyo kwenye waya, viungio na fyuzi tumia I × I × R, kwa sababu ampea ni zile zile njia nzima. Kwa koili za joto tumia V × V ÷ R. Ukiwa umepima volti na ampea zote mbili, tumia V × I na V ÷ I moja kwa moja, ndiyo njia yenye mashaka machache.

Vipimo vidogo na vikubwa virudishe kwanza kwenye kipimo cha msingi: miliampea gawanya kwa 1000, kilowati na kilo-omu zidisha kwa 1000. Jibu likikuambia taa ya chumbani inakula wati elfu sita, karibu kila mara ni miliampea zilizoingizwa kama ampea.

Volti zikishuka

Umeme wa kawaida Tanzania unatajwa kuwa volti 230, Kenya 240. Mwisho wa laini ndefu, jioni, mita inaweza kusoma 190. Jagi letu la omu 26.2 litafanya hivi:

Volti 230: 230 ÷ 26.2 = ampea 8.8, wati 2019
Volti 190: 190 ÷ 26.2 = ampea 7.3, wati 1378

Volti zimepungua asilimia 17, wati zimepungua asilimia 32, kwa sababu volti inaingia kwenye hesabu mara mbili. Lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 inahitaji juli 471,000 hivi. Gawanya kwa wati upate sekunde: kwa volti 230 ni sekunde 233, karibu dakika nne; kwa volti 190 ni sekunde 342, karibu dakika sita. Yuniti zinazotumika ni zile zile, 0.13, ukiweka kando joto linalopotea hewani. Umeme mdogo haukuokolei kitu kwenye jagi. Unakuchelewesha tu, na kwa kuwa maji yanapoteza joto kwa muda mrefu zaidi, unalipa zaidi kidogo.

Kupima kwa betri kwanza

Anayejifunza kupima aanze na volti 12. Chukua betri ya gari au ya sola, taa ya indiketa ya 12 V 21 W, fyuzi ya ampea 5 na waya mbili. Multimita ya bei nafuu aina ya DT830 inatosha. Ina matundu matatu: COM ya waya mweusi, VΩmA ya kazi nyingi, na 10ADC ya mikondo mikubwa.

Washa taa kwanza bila kupima ampea. Weka swichi ya mita kwenye DC 20 V, waya mwekundu ukiwa kwenye VΩmA, kisha gusa ncha mbili za taa, si vichwa vya betri. Andika namba. Tenganisha betri, hamishia waya mwekundu kwenye 10ADC, zungusha swichi hadi 10A, kisha katiza njia ya umeme mahali pamoja na uiunganishe kupitia mita, ili mkondo wote upite ndani yake. Soma, andika, tenganisha. Kwenye mita nyingi za aina hii tundu la 10ADC halina fyuzi, na kikomo chake ni sekunde 10 kila dakika 15.

Tuseme umepata volti 12.4 na ampea 1.80. Ukinzani ni 12.4 ÷ 1.80 = omu 6.9. Nguvu ni 12.4 × 1.80 = wati 22.3.

Sasa ichomoe taa, iache ipoe, na uipime kwa upande wa omu wa mita hiyo hiyo. Utaona namba isiyofika hata omu moja na nusu. Mita si mbovu. Uzi wa taa ni tangsteni, na ukinzani wake ukiwa unawaka huwa mara kumi au zaidi ya ukinzani wake ukiwa baridi. Ndiyo sababu taa za uzi huungua zaidi pale zinapowashwa: kwa sehemu ndogo ya sekunde hupitisha ampea nyingi kuliko zinavyostahili. Koili za jagi, pasi na jiko hutengenezwa kwa aloi ya nikeli na kromiamu ambayo ukinzani wake hubadilika asilimia chache tu ikipata moto, ndiyo maana hesabu ya lebo ilikubali.

Kuna sababu ya pili ya kutoamini omu ndogo zinazosomwa moja kwa moja. Nyaya za mita zenyewe zina ukinzani. Zigusanishe ncha zake na utasoma 0.3, 0.4, wakati mwingine zaidi. Toa namba hiyo kwenye kila kipimo. Chini ya omu 2 au 3, njia ya volti na ampea inashinda.

Kosa linaloua mita nyingi hufanyika baada ya somo hili: fundi amemaliza kupima ampea, waya mwekundu ameuacha kwenye 10ADC, kisha anakwenda kupima volti za betri. Hapo mita ni kipande cha waya tu kati ya chanya na hasi. Ni shoti. Akifanya hivyo kwenye soketi ya ukutani, nyaya zinaweza kulipuka mkononi. Ukimaliza ampea, rudisha waya kabla hujaweka mita chini.

Kupima umeme wa ukutani

DT830 haipimi ampea za umeme wa ukutani hata kidogo. Herufi DC kwenye 10ADC zina maana hiyo: ni kwa umeme wa aina ya betri tu. Kwa AC, yaani umeme wa ukutani, tumia klampu mita, ile yenye taya zinazofunguka. Taya zizunguke waya mmoja tu, wa moto au nyutro. Ukizungusha kebo nzima utasoma sifuri, maana mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana. Kwa mkondo mdogo, chini ya ampea moja, zungusha waya huo mara kumi kwenye taya kisha gawanya kwa kumi.

Wasio na klampu wana njia nyingine, na kwa vifaa vya joto ni sahihi kuliko wengi wanavyodhani: mita ya umeme yenyewe. Kwenye uso wake kuna taa ndogo inayopepesa, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh, 1600 imp/kWh au namba nyingine. Maana yake, taa ikipepesa mara 1600 umetumia yuniti moja.

1. Zima kila kitu nyumbani, pamoja na friji. Subiri uhakikishe taa ya mita imetulia.
2. Jaza jagi maji baridi, uliwashe peke yake.
3. Taa ikipepesa anza saa ya simu na uhesabu *sifuri*, siyo moja. Simamisha saa kwenye mpepeso wa kumi.
4. Gawanya 36,000,000 kwa namba ya imp, kisha gawanya kwa sekunde ulizopata. Hizo ndizo wati.
5. Wakati huo huo mtu mwingine asome volti kwenye soketi.

Kwa mita ya 1600, sekunde zikiwa 12.3: 36,000,000 ÷ 1600 = 22,500, kisha 22,500 ÷ 12.3 = wati 1829. Volti zikiwa 219, ampea ni 1829 ÷ 219 = 8.35, na ukinzani ni 219 ÷ 8.35 = omu 26.2. Umepata vyote bila kugusa waya wa moto. Ukihesabu mpepeso wa kwanza kuwa moja, utakuwa umepima nafasi tisa badala ya kumi, na wati zitazidi kwa asilimia 11.

Volti na wati zipimwe pamoja. Ukichukua volti za asubuhi na wati za jioni, kosa la volti linazidishwa mara mbili kwenye V × V ÷ R.

Kusoma volti kwenye soketi, nunua kile kifaa cha kuchomeka chenye kioo kinachoonyesha namba. Ile tabia ya kuingiza bisibisi kwenye tundu la ethi ili kufungua vizibo vya matundu mawili ya chini, kisha kusukuma ncha za mita humo, inaharibu vizibo na kuacha vidole karibu mno na volti 230.

Soketi inayochemka

Hapa ndipo hesabu hizi zinapolipa. Plagi ya jagi ikiwa ya moto, au pembeni ya tundu pakiwa na rangi ya kahawia, kuna ukinzani mahali usipotakiwa. Upime hivi, kwenye soketi pacha: kifaa cha volti tundu moja, jagi tundu la pili.

Jagi likiwa limezimwa: volti 231. Likiwa limewashwa: volti 224. Ampea ni 224 ÷ 26.2 = 8.55. Volti 7 zimepotea njiani, kwa hiyo njia nzima ina ukinzani wa 7 ÷ 8.55 = omu 0.82, na joto linalomwagika humo ni 7 × 8.55 = wati 60.

Wati 60 zilizotawanyika kwenye laini ndefu kutoka nguzoni si tatizo. Swali ni ziko wapi. Rudia kipimo kwenye soketi iliyo karibu kabisa na bodi ya breka. Tuseme hapo zinapotea volti 2 tu. Zimebaki 5, ambazo ziko kati ya bodi na soketi yenye mashaka. Ukinzani wa waya wa shaba ni 0.0175 × urefu kwa mita ÷ unene kwa milimita za mraba. Kwa waya wa 2.5 wenye mita 15 kwenda na 15 kurudi: 0.0175 × 30 ÷ 2.5 = omu 0.21, na kwa ampea 8.55 zinapotea volti 1.8. Zilizobaki, volti 3.2, hazielezeki kwa waya. Ziko kwenye skrubu iliyolegea au kiungio kilichofungwa kwa selotepu ndani ya ukuta: 3.2 × 8.55 = wati 27, mahali padogo kama punje ya mahindi. Pasi ya kuchomelea risasi ina wati 25 hadi 30, ndiyo sababu plastiki inayeyuka.

Kipimo hiki hakioni mgusano kati ya pini za plagi na ndimi za soketi lilikochomekwa jagi, kwa sababu kifaa cha volti kiko tundu jingine. Hapo tumia mkono: chomoa baada ya dakika tatu, na pini zikiwa hazishikiki, ndimi zimelegea. Zima swichi kuu, badilisha soketi, kata ncha za waya zilizobadilika rangi na ukaze skrubu kwenye shaba safi. Kukaza soketi ambayo chuma chake kimeshapoteza mnyumbuko ni kujidanganya.

Ukiwa hapo, angalia fyuzi ya plagi pia. Chukua ampea kubwa kabisa za lebo: 2200 ÷ 240 = 9.2, fyuzi ya 13 inafaa. Televisheni ya wati 100 inachukua ampea 0.43 kwa volti 230, inatosha fyuzi ya 3. Jagi, pasi ya wati 1200 na jiko la koili la wati 1000 kwenye ekstensheni moja ni 8.8 + 5.2 + 4.3 = ampea 18.3. Fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo kwa mkondo huo, lakini waya mwembamba wa ekstensheni unaanza kuchemka mara moja.

Vitu visivyotii

Pima koili ya pampu ya maji ya kilowati 0.75. Mita ikisoma omu 4, kanuni itakuambia 230 ÷ 4 = ampea 57.5, wakati lebo inasema 5. Mkondo wa AC ukipita kwenye koili yenye chuma, uga wa sumaku unaobadilika badilika unaupinga, na upinzani huo mita ya omu haiuoni kwa kuwa inapima kwa betri. Kwa mota, chukua ampea kutoka lebo au klampu. Halafu volti mara ampea, 230 × 5 = 1150, hazitakuwa wati bali VA (volti-ampea). Zidisha kwa pawa fakta, yaani sehemu ya VA inayotumika kweli; ikiwa 0.9, umeme unaoliwa ni wati 1035. Zile 750 za lebo ni nguvu inayotoka kwenye shafti.

Taa za LED, chaja na televisheni zina tabia ya kinyume na jagi: volti zikishuka, nyingi huvuta ampea zaidi ili wati zibaki zile zile. Hazina R moja ya kuandika. Klampu ya bei nafuu isiyopima thamani halisi ya RMS (kipimo cha mkondo wa AC kinacholingana na joto unaloleta) hukosea sana kwenye vifaa hivi, kwa hiyo tumia mipepeso ya mita au kifaa cha kuchomeka kinachoonyesha wati.

Sola na waya mwembamba

Kwenye volti 12 kila omu inauma mara nyingi zaidi. Betri iko mita 10 kutoka kwenye mzigo wa ampea 8, waya ni wa 1.5. Urefu wa kuhesabia ni mita 20, kwenda na kurudi. Kusahau kurudi ndilo kosa la kawaida.

R = 0.0175 × 20 ÷ 1.5 = omu 0.23
Volti zinazopotea = 8 × 0.23 = 1.9
Joto = 8 × 8 × 0.23 = wati 15

Kwa volti 230, kupoteza 1.9 si kitu. Kwa volti 12 ni asilimia 16: betri inasoma 12.2, mzigo unapata 10.3, na inveta nyingi (vifaa vinavyogeuza umeme wa betri kuwa wa volti 230) zitalia na kujizima zikidhani betri imeisha. Mteja ananunua betri mpya, tatizo linabaki. Kwa waya wa 6, ukinzani unashuka hadi omu 0.058 na zinapotea volti 0.47. Waya wa 6 ukishinda mfuko, sogeza inveta iwe mita moja kutoka kwenye betri na urefu uliobaki uusafirishe kwa volti 230.